Kabla ya Mashine ya Kufua, Ulizia Maji

"Hii ni inveta, dada. Stima ikipotea haikusumbui."

Aliyeambiwa hivyo ni mpwa wangu, ndani ya duka la vyombo vya umeme hapa Mombasa, na badala ya kulipa akatoka nje kunipigia simu. "Asalaam aleikum, mjomba. Hivi kuna mashine ya kufua inayokwenda bila stima?" Zilikuwa zimebaki wiki tatu yeye na mumewe wahamie fleti mpya Tudor, ghorofa ya tano, na katika orodha ya vyombo vilisalia viwili vizito: mashine ya kufua yenye mlango wa mbele, na ya kukausha.

Hakuna mashine kama hiyo. Ila sitasema muuzaji alikuwa mwongo. Neno moja limebeba vitu viwili. Inveta tunayoijua majumbani ni lile sanduku linalochukua umeme wa betri na kuugeuza uweze kuwasha taa na televisheni. Inveta iliyomo ndani ya mashine ya kufua ni saketi inayoipangia mota kasi ya kuzunguka. Mota za zamani zilikuwa kama swichi ya taa, kuwaka ama kuzima. Hii ni kama mkono wa mafuta wa tuktuk: unaukaza ukipanda mlima, unaulegeza ukiteremka. Faida yake ni kelele kidogo, mota kudumu, na stima kupungua kiasi. Stima ikikatika inasimama kama mashine nyingine yoyote, nguo zikiwa ndani na mlango umejifunga.

Na ukiona kibandiko cha garantii ya miaka 10, soma maandishi madogo. Aghalabu miaka hiyo ni ya mota peke yake. Bodi ya umeme, pampu ya kutolea maji, hita na mpira wa mlango, ambavyo katika mji huu ndivyo hutangulia kuharibika, huwa vina mwaka mmoja au miwili tu.

Tuliongea karibu saa nzima. Baadaye majirani wawili wakaniuliza maswali yale yale, nikaona bora niyaandike.

Mlango wa juu na mlango wa mbele

Mashine ya mlango wa juu ina pipa lililosimama kama ndoo. Nguo huelea majini, na chini kuna sahani inayozikoroga, kwa hiyo sharti maji yazifunike. Ya mlango wa mbele pipa lake limelazwa ubavu. Maji hukaa chini tu, kina cha viganja viwili hivi. Pipa likizunguka, vibao vya ndani huzibeba nguo hadi juu na kuziachia zianguke. Dobi wa zamani alizipiga nguo jiweni, hakuzikoroga. Mashine ya mlango wa mbele ni dobi huyo.

Hapo ndipo lilipo jibu la dhana moja iliyoenea, kwamba mashine ya bei kubwa lazima inywe maji mengi. Kwa mkupuo mmoja, ya mlango wa mbele hutumia takriban lita 40 hadi 60. Ya mlango wa juu ya kawaida huenda lita 100 na kuzidi. Tukihesabu kwa mkokoteni, ni mitungi miwili au mitatu ya lita 20 dhidi ya mitano au zaidi. Mwaka mzima wa tofauti hiyo si mchezo kwa nyumba inayonunua maji.

Kilo zilizoandikwa kwenye mlango nazo hupotosha. Kilo 8 ni uzito wa nguo kavu, si zilizolowa, tena ni nguo za pamba kwenye programu ya pamba. Nguo laini na za sufi huwa nusu ya hapo au chini zaidi. Taulo kubwa moja ni kama nusu kilo, suruali ya jinzi inazidi hapo. Watu wawili wanatosheka na kilo 7 au 8. Ukitaka kujua kama umejaza kupita kiasi, tia mkono juu ya nguo ndani ya pipa, usipopita, punguza. Nguo zisipopata nafasi ya kuanguka, dobi wako amefungwa mikono.

Maji yanayoingia

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mashine nyingi za Mombasa huanza kufa.

Maji yetu ya bomba hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere katika milima ya Shimba, na visima virefu vya Tiwi. Hayatutoshi, ndiyo maana huja kwa zamu. Pengo linazibwa na visima vya mitaani, malori ya maji na mikokoteni, na katika majengo mengi vyote hivyo humwagwa kwenye tangi moja. Mpangaji hufungua bomba akaona maji, basi. Mashine haioni hivyo. Inauliza mambo mawili: yanakuja kwa nguvu gani, na yamebeba nini?

Nguvu kwanza. Kwenye kitabu cha mashine utakuta kiwango cha chini cha msukumo, mara nyingi 0.05 MPa, yaani nusu baa. Usiogope maneno. Kila mita 10 za kimo kutoka usawa wa maji ya tangi hadi bomba lako hukupa baa 1 hivi. Nusu baa basi ni mita 5. Nazi inayoanguka kutoka mnazi mrefu hupiga kishindo. Ya mnazi mfupi inadondoka tu. Kwa hiyo mpwa wangu, aliyedhani kuwa karibu na tangi ndiyo bahati, ndiye mwenye maji dhaifu kuliko wote jengoni. Tangi liko juu ya paa lake, mita mbili au tatu tu. Wa chini kabisa ndiye anayepata kishindo. Mashine ikingoja maji muda mrefu yasijae, hujizima na kuandika alama ya kosa, na hapo huitwa fundi kuitengeneza mashine isiyo na ugonjwa. Dawa ni mbili: kutafuta mashine yenye kiwango cha chini zaidi, zipo zinazokubali 0.02 au 0.03 MPa, au kuweka pampu ndogo ya kusukuma maji.

Na wale wasio na maji ya bomba kabisa? Mashine ya mlango wa juu unaweza kuijaza kwa ndoo. Ya mlango wa mbele wapo wanaoimiminia kupitia droo ya sabuni, na inawezekana, lakini utasimama pale kila inapotaka maji ya kufua, ya kusuuza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kama maji yako yote yanapanda ngazi kwa mtungi, mimi sioni mama fua amekosea nini. Wengi huona haya kulisema hilo wakiwa na nyumba mpya.

Sasa yaliyobebwa na maji. Watu husema "maji ya chumvi" kwa kila maji ya kisima yasiyokuwa matamu, lakini mna mambo mawili tofauti ndani yake, na kila moja linaharibu kwa njia yake.

La kwanza ni chokaa. Kisiwa hiki na pwani yake vimekaa juu ya jiwe la matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji ya mvua yakipenya ndani yake huondoka na sehemu ya jiwe. Unayajua maji hayo: sabuni haipandi povu, inageuka utando wa kijivu, na sufuria unayochemshia inapata ukoko mweupe. Ukoko ule ule hujijenga juu ya hita ya mashine. Hita iliyovaa ukoko inapasha maji kwa shida, inakula stima zaidi, mwisho inaungua. Kanzu nyeupe nazo zinaanza kuwa za kijivu, na lawama anabeba sabuni.

La pili ni chumvi yenyewe, ile ya baharini. Visima vilivyo karibu na bahari vikivutwa maji mengi, bahari huingia chini kwa chini. Chumvi haijengi ukoko, inakula chuma. Pipa la ndani huwa la chuma kisichopata kutu na linavumilia. Ila nyuma ya pipa kuna kiungo chenye mikono mitatu kinacholishikilia, nacho katika mashine nyingi ni cha aluminiamu. Huwezi kukiona bila kuifungua mashine yote. Chumvi na sabuni hukitafuna taratibu, hadi siku pipa linapoanza kugonga kama ngoma ya chapuo.

Kwa chokaa, siki au ndimu husaidia, kwa sababu asidi huyeyusha ukoko. Bora zaidi ni unga wa asidi ya ndimu, uendeshe mashine tupu kwa maji ya moto kila mwezi au miezi miwili. Siki ya kila siku usitie, italegeza mipira. Kwa chumvi, siki haifanyi lolote. Dawa ya chumvi ni kutumia maji mengine. Ndiyo maana swali la kwanza nililompa mpwa wangu halikuwa la mashine. Nilimwambia amuulize msimamizi wa jengo tangi lao hujazwa na nini wiki ambayo maji ya bomba hayaji, kisha achemshe sufuria moja aangalie chini yake.

Povu

Ya mlango wa mbele inataka sabuni ya unga iliyoandikwa kuwa ni ya mashine za otomatiki. Tumelelewa kuamini povu ndilo usafi, lakini ndani ya pipa hili povu ni godoro: nguo zinaangukia juu yake badala ya kuangukia majini, hazipigwi. Povu likizidi hupanda hadi kwenye droo na kumwagika sakafuni, na mashine huongeza kusuuza ili ilitoe. Sabuni ya kufulia kwa mkono imetengenezwa itoe povu. Usiitumie. Vijiko vikubwa viwili vya ile inayofaa vinatosha mzigo wa kawaida. Maji yakiwa ya chokaa ongeza kimoja.

Kukamua au kuvukiza

Nguo ikishasuuzwa, kuna njia mbili tu za kutoa maji yaliyobaki. Unayakamua, au unayageuza mvuke. Kukamua ni rahisi ajabu. Kuvukiza ni ghali ajabu. Ukilishika hilo, nusu ya maswali ya mashine ya kukausha yanajijibu.

Chukua kilo 5 za nguo kavu za pamba. Zikikamuliwa kwa mizunguko 800 kwa dakika, hutoka na karibu lita tatu na nusu za maji. Kwa mizunguko 1400, karibu lita mbili na nusu. Lita moja nzima imeondoka, na dakika kumi za mota kuzunguka kasi hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya yuniti. Lita ile ile ukitaka kuivukiza, maumbile yenyewe yanadai zaidi ya nusu yuniti, takriban 0.63, na mashine haiwezi kukwepa deni hilo bila ujanja nitakaoueleza chini. Tukifanya yuniti kuwa shilingi 30 ili hesabu iwe nyepesi, kukamua ni shilingi mbili au tatu, kuvukiza ni 19 kwa uchache.

Kwa hiyo dukani, kabla ya kuangalia rangi na vioo na programu ishirini ambazo hutazigusa, tafuta namba ya mizunguko. 1000 ni ya kuvumilia. 1200 ni nzuri. 1400 katika mji wenye unyevu kama huu ni fedha iliyowekwa mahali pake.

Kwani Mombasa, jua lote hili, nguo hazikauki? Kinachokausha si jua peke yake. Hewa ni kama kitambaa cha jikoni: kikiwa kikavu kinafyonza, kikishalowa unakipitisha mezani na meza inabaki na maji. Hewa yetu mara nyingi imeshalowa, unyevu asilimia 75 na kwenda juu. Kinachotuokoa ni upepo, unaoondoa kitambaa kilicholowa na kuleta kingine. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Machi, leso uliyoanika saa nne unaianua adhuhuri. Kusi ikishaingia na mvua za Mei, nguo inakaa kambani siku mbili na kurudi ndani na harufu ya uvundo. Harufu hiyo ni vijidudu vilivyopata muda wa kuzaana kabla nguo haijakauka.

Ndani ya fleti, upepo ni panka. Panka la watti 60 likizunguka saa nane halifiki nusu yuniti, kama shilingi 15. Nguo zilizokamuliwa kwa 1400, zikatandazwa kwenye fremu ya kuanikia, dirisha wazi na panka juu yake, asubuhi zimekauka au zimebakiza mishono. Nilimwambia mpwa wangu ajaribu hivyo miezi mitatu kabla ya kununua mashine ya pili. Alicheka, mama mkwe alikwishaahidi kuilipia.

Basi, ukitaka ya kukausha

Ziko namna tatu, na zote hufanya jambo moja: zinapasha hewa moto ili kile kitambaa cha jikoni kipanuke na kuweza kufyonza hata kama kiliingia na unyevu. Kwa hivyo wanaosema mashine za kukausha hazifanyi kazi pwani wamekosea. Zinatofautiana katika kuupeleka mvuke.

Ya kwanza hutoa mvuke nje kwa bomba pana. Ni ya bei nafuu na haina mambo mengi, lakini inataka tundu ukutani au dirishani, na wenye nyumba wengi hawataki kusikia ukuta wao ukitobolewa. Ukiiacha imwage mvuke ndani ya nyumba, umejijengea hamamu. Kuta zitaota kuvu.

Ya pili hugeuza mvuke kuwa maji na kuyakusanya kwenye chombo unachomwaga. Inatumia hewa ya chumba kuupoza mvuke. Ulaya, chumba kikiwa nyuzi 18, kazi ni rahisi. Katika chumba cha Mombasa cha nyuzi 31 mchana wa Machi, inapoza kwa hewa yenye joto; itachukua muda mrefu na kukiacha chumba kama tanuri.

Ya tatu ni ya pampu ya joto. Umewahi kupita Barabara ya Moi ukadondokewa na tone kutoka kwenye kiyoyozi cha ofisi? Tone lile ni unyevu wa hewa uliogusa kitu baridi. Mashine hii ina kiyoyozi kidogo ndani yake: upande wa baridi unauangusha mvuke uwe maji, upande wa moto unapasha hewa ile ile tena. Joto halitupwi, linazungushwa. Huo ndio ujanja nilioutaja. Kilo 5 za nguo ambazo kwenye mashine ya hita zingekula yuniti 3 au 4, hii inakula moja na nusu hivi. Kwa mikupuo minne kwa wiki, ni tofauti ya shilingi 700 au zaidi kila mwezi kwa ile yuniti yetu ya shilingi 30. Bei yake ya kununulia ni kubwa, na nyingi zimeandikwa kufanya kazi chumba kisichozidi nyuzi 35, kwa hiyo usiifungie kwenye stoo isiyo na dirisha. Joto lake pia ni la chini, na nguo hazichakai haraka.

Mashine moja inayofua na kukausha humo humo huvutia wenye nafasi ndogo. Soma namba zake mbili: kilo 8 za kufua, kilo 5 za kukausha. Maana yake ukifua 8 lazima utoe 3 kabla ya kukausha. Nyingi pia hutumia maji baridi ya bomba kupoza mvuke, yaani zinakula maji hata wakati wa kukausha, jambo ambalo wauzaji hawalitaji na ambalo katika mji huu lingefaa kutangulia. Ikiharibika, umepoteza zote mbili kwa siku moja.

Ukizipandanisha, ya kukausha hukaa juu na ya kufua chini, kamwe si kinyume, na katikati kuwe na fremu yake maalum. Uchafu wa nyuzi kwenye chujio utolewe kila baada ya kukausha. Nyuzi kavu na joto ni moto unaosubiri.

Stima, muda na moto

Programu inayochukua saa tatu na nusu haili stima nyingi kuliko ya saa moja. Mara nyingi inakula kidogo. Pasi ya nusu saa inaweza kuzidi panka la usiku kucha, kwa sababu kinachomaliza tokeni ni joto, si muda. Programu ndefu ya kuokoa hufua kwa joto la chini na kufidia kwa dakika. Na sisi tuna neema ambayo vitabu vya mashine havikuitaraji: maji yetu ya tangini hutoka na nyuzi 28 hivi. Programu ya nyuzi 30 hapa karibu haiwashi hita. Nyuzi 60 ziwekee taulo, mashuka na nguo za mgonjwa.

Soketi yetu ya pini tatu ina kikomo cha ampia 13, karibu watti 3,000. Mashine ya kufua ikipasha maji huvuta 2,000, ya kukausha ya hita 2,500. Ukizichomeka zote kwenye ekstensheni moja, umeomba moto. Kila moja na soketi yake, na waya wa ardhini uwepo kweli, si tundu tupu la mapambo. Kinga ya kuzuia stima inayopanda na kushuka ni lazima pia, lakini ile ndogo ya friji huwa ni ya ampia 5. Haitoshi. Nunua ya 13.

Kwa kuwa tuko bandarini, kuna mashine zilizotumika zinazoshuka kutoka ng'ambo, na zipo nzuri. Za Uingereza na Dubai zinakubaliana na stima yetu ya volti 240 na hezi 50, yaani mapigo ya stima kwa sekunde. Za Marekani ni volti 120, hezi 60. Za Saudia, ambazo jamaa wengi hurudi nazo kutoka kazini, ni hezi 60 hata volti zikilingana, na yenye mota isiyo ya inveta itazunguka polepole na kupata moto kuliko ilivyopangiwa. Angalia bamba la nyuma kabla ya kulipia usafiri.

Bomba la kutolea maji, na bolti

Nililipa ada ya shule yangu hapa. Fundi aliyeniunganishia mashine ya kwanza alilaza bomba la maji machafu moja kwa moja kwenye tundu la sakafu ya bafu. Mashine ilijaza, ikajaza, ikajaza, na nguo hazikuanza kufuliwa. Wanaonyonya petroli kwa mpira wanajua siri yake: ncha ya mpira ikiwa chini kuliko tangi, mafuta hushuka yenyewe. Maji yalikuwa yanaingia juu na kuponyoka chini bila pampu kuguswa. Nilipogundua, nusu ya tangi la lita 500 ilikuwa imekwenda baharini. Ncha ya bomba inatakiwa iinuliwe sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni, kisha ndipo iteremke.

Baada ya kila kufua, acha mlango wazi na droo umeivuta, upanguse mkunjo wa mpira. Kwa hewa yetu, mlango uliofungwa siku mbili ni shamba la kuvu. Na usiiweke kwenye roshani inayotazama bahari, hata ikiwa na paa. Upepo wa chumvi utaila kuanzia miguuni.

Mpwa wangu mwishowe alichukua ya kilo 8, mizunguko 1400, inayokubali msukumo wa 0.03 MPa, pamoja na pampu ndogo, maana sufuria yake ilitoka safi lakini maji yalikuwa yanadondoka tu. Ya kukausha, mama mkwe alishinda: ya pampu ya joto, iko chumba cha wageni karibu na dirisha.

Siku ya kwanza ya kufua alinipigia simu akipiga kelele kushinda kishindo kilichokuwa nyuma yake. "Mjomba, inatembea! Imetoka jikoni!"

Pipa la mashine hizi huning'inia kwa springi ili litikisike bila kuutikisa mwili wa mashine. Kiwandani hulifunga kwa bolti nene nyuma, lisivunjike melini na lorini. Kabla ya kuwasha, bolti hizo hutolewa na matundu kuzibwa kwa vifuniko vilivyo kwenye mfuko wa kitabu. Katika saa nzima ile ya simu, hilo sikumwambia.

"Izime. Igeuze utazame nyuma. Unaona bolti?"

"Naona."

"Ngapi?"

Zilikuwa nne, zote mahali pake. Nikamwambia akishazitoa azihifadhi, atazihitaji siku ya kuhama.